Kisigino cha Kushoto

Alfajiri, kabla ya jogoo wa jirani,
kisigino changu cha kushoto ndicho huamka kwanza.
Naushusha wayo taratibu, kama anayejaribu maji ya moto,
na bado kuna mtu chini ya sakafu
ana msumari, ana nyundo.
Hatua ya kwanza ni yake.
Ya pili tunagawana.
Ya kumi ni yangu, lakini nimeshachelewa.

Miaka kumi na tisa nimesimama juu ya saruji,
jikoni, shule ya sekondari, hapa Pasua,
nakoroga makande ya watoto mia sita
kwa mwiko unaonizidi kimo.
Mguu ulinyamaza.
Nilipoanza kukimbia ndipo ukafungua kesi.

Wifi yangu Aikaruwa akasema, acha.
Mama mzima, una wajukuu, unakimbizwa na nani?
Sikumjibu.
Kutoka nyumbani hadi ukingo wa msitu wa Rau,
saa kumi na moja na nusu, umande ukiwa bado mbichi,
hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi.

Kijana wa mazoezi ya viungo, hospitalini,
alinibonyeza kwa kidole gumba
nikamtaja baba yake, ambaye simjui.
Akasema: gandisha maji kwenye chupa, uviringishe wayo juu yake.
Nyoosha kigimbi ukutani.
Na hizi raba, mama, ulizinunua kwa rangi.
Kweli. Zilikuwa za zambarau.

Basi Jumamosi nikaenda Memorial,
jioni, si asubuhi:
mguu uwe umechoka, umevimba, useme ukweli.
Mshana kazipanga juu ya turubai, pua mbele,
kama wanafunzi mstarini.
Hizi laini mama, andazi!
Nikazibonyeza. Shimo la kidole likabaki pale pale.
Ulaini wa namna hiyo naujua,
niliwahi kuolewa nao.

Nikazisokota kama nguo ya kukamua.
Inayojikunja katikati, kando.
Ikunjike kwenye vidole tu,
pale mguu wenyewe unapokunjika.
Nikabana ukuta wa nyuma: usimame, ukishike kisigino
kama mkono unavyoshika yai, bila kulivunja.
Kisha nikageuza soli, nikasoma.

Huyu aliegemea nje, upande mmoja,
labda alizoea kubeba mzigo begani.
Huyu alikanyaga kwa hasira.
Huyu alikuwa na haraka, kidole gumba kimetoboa kitambaa.
Mguu wangu una shida zake,
siwezi kuuongezea mwendo wa mtu.

Chini kabisa, jozi ya rangi ya uji.
Mbaya wa sura. Soli bado ina meno yote.
Mwenyewe alinunua, akasema nitaanza Jumatatu.
Ahsante, ndugu, popote ulipo,
kwa uvivu wako.

Elfu thelathini na tano, akasema Mshana.
Nikavaa zote mbili, nikatembea hadi kwa muuza ndoo, nikarudi.
Aliniangalia miguu, si uso.
Kisigino?
Cha kushoto.
Mimi cha kulia, akasema,
akanionyesha anaposimama:
maboksi manne, moja juu ya jingine,
na malapa yaliyolika kama sabuni.
Nikampa habari ya chupa ya barafu, na ya ukuta, na ya kigimbi.
Alisikiliza kama mtu anayeelekezwa nyumba ya deni.
Tukaishia ishirini na mbili.

Leo hatua ya kwanza bado ni yake, yule wa chini.
Ya tatu nilimpokonya.
Kukimbia, kijana kasema, wiki mbili bado,
nami nazihesabu, sina subira ya kusingizia.
Kwa sasa nazivaa jikoni, juu ya saruji ile ile.
Kamba nimeziacha tundu moja la juu.
Uji ukidondoka hauonekani.